Oili Chafu ya Gereji: Nani Anaiwajibikia Hadi Mwisho?

Somo la mazingira kwa wenye gereji, waendeshaji bodaboda, wenye vinu vya kusaga na wakazi wote

Injini ya pikipiki ya bodaboda hubeba takriban lita moja ya oili. Gari dogo hubeba karibu lita nne. Lori kubwa la mizigo linaweza kubeba lita 30 au zaidi. Kila oili mpya inapotiwa, ya zamani hutolewa. Gereji inayohudumia magari madogo matano kwa siku, siku sita kwa wiki, hubaki na takriban lita 120 za oili chafu kufikia Jumamosi jioni. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pipa la lita 200.

Oili hiyo huenda wapi? Mara nyingine humwagwa kwenye mtaro ulio mbele ya gereji. Mara nyingine humwagwa nyuma, penye udongo ambao umeshageuka mweusi na kushikana kama lami. Mara nyingi zaidi huuzwa. Tuseme ni jioni, na mtu amefika na mitungi miwili mitupu kwenye mkokoteni.

"Mkubwa, leo oili iko?"

"Iko. Jaza mitungi yako, lakini lete pesa kwanza."

Mitungi inajazwa, pesa kidogo zinabadilishana mikono, na mkokoteni unaondoka. Hakuna jina lililoandikwa wala stakabadhi iliyotolewa. Mwenye gereji anafunga mlango akiamini kwamba oili hiyo si yake tena.

Hapo ndipo anapokosea. Sheria ya Kenya inamhesabu yeye kuwa mwenye jukumu la kuhakikisha taka yake inamfikia mtu mwenye leseni ya kuibeba na kuitupa au kuichakata. Bila hilo, kuuza oili hakumwondolei jukumu. Somo hili linaeleza sheria inasema nini, ni serikali gani inasimamia nini, na mwenye biashara anapaswa kufanya nini kuanzia oili inapotoka kwenye injini hadi inapofika mwisho wa safari yake.

OILI CHAFU NI NINI?

Oili chafu ni mafuta ya mitambo ambayo yametumika hadi hayafai tena kwa kazi yaliyotengenezewa. Mafuta ya injini ndiyo yanayojulikana zaidi, lakini si peke yake. Mafuta ya gia, ya haidroliki kwenye matrekta na tingatinga, ya kompresa, ya jenereta na ya vinu vya kusaga unga vinavyotumia dizeli yote huingia katika kundi hili. Mafuta ya kupikia yaliyotumika hotelini ni taka ya aina nyingine na hayafai kuchanganywa nayo.

Oili mpya ikiwa ndani ya injini hupita katikati ya vyuma vinavyosuguana na hukaa karibu na moto unaochoma petroli au dizeli. Inapotoka huwa imebeba vipande vidogo mno vya chuma, shaba na hata madini ya risasi. Huwa pia na masizi, maji, mabaki ya petroli au dizeli, na kemikali zilizotokana na joto na uchomaji, ambazo baadhi yake zinahusishwa na saratani. Ndiyo maana chupa nyingi za oili mpya huwa na maandishi madogo yanayoonya watu wasigusane mara kwa mara na oili iliyokwisha kutumika.

Oili haiyeyuki ndani ya maji. Huelea na kutanda kama utando mwembamba, ikazuia hewa kuingia majini na kudhuru samaki na wadudu. Ikimwagwa ardhini, sehemu yake hushikamana na udongo na sehemu nyingine hushuka polepole kila mvua inaponyesha. Shirika la mazingira la Serikali ya Marekani, EPA, hueleza kwamba oili inayotolewa kwenye gari moja mara moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, yaani karibu lita milioni 3.8. Kwa mkazi anayeteka maji kisimani chini ya mteremko wa gereji, hilo ni jambo la kila siku la chakula na afya ya watoto wake.

Kwa sababu hizo, mafuta ya madini yasiyofaa tena kwa kazi yake ya awali yamo katika orodha ya taka hatari ya Mkataba wa Basel wa 1989, ambao Kenya ni mwanachama wake. Kanuni za Usimamizi wa Taka nazo zinayahesabu kuwa taka hatari. Kwa hiyo pipa la oili chafu haliwezi kushughulikiwa kama pipa la maganda ya ndizi au karatasi.

SERIKALI MBILI, PIPA MOJA

Wafanyabiashara wengi huuliza: "Nimelipa leseni ya kaunti. Mbona natafutwa tena na NEMA?" Jibu limo katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi kati ya Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti, na oili chafu iko mahali ambapo kazi hizo zinakutana.

Serikali ya Kitaifa inashughulikia ulinzi wa mazingira kwa jumla. Sheria kuu ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, inayojulikana na wengi kama EMCA. Ndiyo iliyoanzisha NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira. Chini ya sheria hiyo kuna Kanuni za Usimamizi wa Taka, zinazoeleza jinsi taka inavyopaswa kuhifadhiwa, kusafirishwa na kutupwa. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha pia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo shabaha yake ni taka itumike tena kama malighafi badala ya kuishia jaani. NEMA ndiyo inayotoa leseni kwa wanaosafirisha taka na kwa wanaomiliki vituo vya kuichakata au kuitupa.

Serikali ya kaunti ina kazi zake. Katiba inaipa kuzoa taka na kusimamia majaa, kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero nyingine kwa umma, kutoa leseni za biashara, na kusimamia mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo mengi. Afisa wa afya ya umma anayekagua gereji, afisa wa biashara anayetoa kibali na mhandisi anayesimamia mitaro wote hufanya kazi hizo.

Kibali cha biashara cha kaunti kinamruhusu mtu kufungua gereji mahali fulani. Hakimruhusu kusafirisha taka hatari. Vivyo hivyo, leseni ya NEMA ya kusafirisha taka haimwondolei mtu wajibu wa kuwa na kibali cha kaunti. Kila karatasi ina kazi yake na haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wakazi. NEMA ina mkurugenzi wake wa mazingira katika kila kaunti. Huyo ni afisa wa mamlaka ya kitaifa, si mwajiriwa wa serikali ya kaunti. Idara ya mazingira ya kaunti ni ofisi tofauti. Hata hivyo ofisi hizo hufanya kazi kwa pamoja, na malalamiko yaliyopelekwa katika mojawapo yanaweza kufikishwa kwa nyingine.

SAFARI YA OILI: HATUA NNE

Hatua ya kwanza: kuikinga

Oili ikinguswa na udongo, kazi imeshaharibika. Kwa hiyo gari linapofanyiwa sevisi liwe juu ya sakafu ya saruji isiyo na nyufa, na chini yake kuwe na trei pana. Faneli itumike kumimina oili kutoka kwenye trei hadi kwenye pipa. Matone yanayoanguka yafunikwe kwa mchanga mkavu au unga wa mbao, kisha yazolewe. Kuosha sakafu kwa mpira wa maji huisukuma oili mtaroni, na mtaro huishia mtoni, ziwani au baharini.

Filta za zamani pia zina oili. Zipinduliwe juu ya trei zichuruzike usiku mzima kabla ya kuwekwa kwenye chombo chao. Filta inayotupwa ikiwa imejaa oili huichafua taka nyingine yote iliyo jaani.

Fundi naye akumbukwe. Glavu ni bei ndogo kuliko matibabu ya ngozi. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, isioshwe kwa petroli, kwa sababu petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuacha njia ya kemikali kupita kwa urahisi. Matambara yaliyolowa oili yasiwekwe mifukoni wala kupelekwa nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto.

Hatua ya pili: kuihifadhi

Pipa liwe zima, lisilovuja, lenye kifuniko, na likae chini ya paa. Pipa lililo wazi kwenye mvua hujaa maji, na oili huelea juu na kufurika. Chini ya pipa kuwe na ukingo wa saruji au trei kubwa inayoweza kubeba oili yote ya pipa hilo iwapo litapasuka usiku.

Kanuni za Usimamizi wa Taka zinataka chombo cha taka hatari kiwe na lebo. Lebo hiyo itaje kilichomo, jina na anwani ya mwenye taka, kiasi kilichomo na jinsi ya kukihifadhi. Iwe na maneno ya tahadhari yanayowaonya wasiohusika wakae mbali, picha ya fuvu na mifupa, na maelezo ya huduma ya kwanza. Lebo hiyo si mapambo. Mlinzi wa usiku, mtoto anayecheza karibu au mzimamoto anayefika wakati wa dharura hana njia nyingine ya kujua kilicho ndani ya pipa.

Oili chafu isihifadhiwe kwenye chupa za soda, za maji au za mafuta ya kupikia. Mtu mwenye kiu haulizi maswali mengi anapoona chupa aliyoizoea.

Katika hatua hii kuna kosa linalofanyika sana, nalo ni kuchanganya. Thina, petroli iliyotumika kusafishia vyuma, maji ya rejeta na mafuta ya breki havipaswi kuingia kwenye pipa la oili. Vitu hivyo huongeza hatari ya moto, na huifanya oili iwe ngumu au ghali kusafishwa. Pipa moja la oili safi kiasi linaweza kuwa na thamani kwa mchakataji. Pipa hilohilo likitiwa lita chache za thina linaweza kukataliwa, na mwenye gereji akalazimika kulipa ili liteketezwe.

Mafuta ya transfoma za umeme ni hadithi nyingine. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na kemikali ziitwazo PCB, ambazo hukaa mwilini na katika mazingira kwa miaka mingi sana. Mkataba wa Stockholm umeziweka katika orodha ya kemikali zinazopaswa kuondolewa duniani. Mafuta ya transfoma yasinunuliwe kwa mtu yeyote wa barabarani, yasitumiwe katika mashine ya kuchomelea vyuma, na yasichanganywe na oili ya gari. Anayeyauza mtungini huenda ameyaiba, na anayeyanunua hajui anacholeta nyumbani.

Hatua ya tatu: kuikabidhi

Hii ndiyo hatua ambayo mtu wa mkokoteni anaivunja. Chini ya Kanuni za Usimamizi wa Taka, mtu yeyote ambaye shughuli zake zinazalisha taka anapaswa kuhakikisha taka hiyo inakabidhiwa kwa mtu mwenye leseni ya kuisafirisha na kuitupa katika kituo kilichoidhinishwa.

Kabla ya kufungua pipa, mwenye gereji anapaswa kuomba mambo matatu kwa anayekuja kuchukua oili. La kwanza ni leseni ya NEMA ya kusafirisha taka, na aangalie tarehe ya kuisha. La pili ni uthibitisho kwamba gari lililokuja ndilo lililotajwa katika leseni. La tatu ni fomu ya ufuatiliaji wa taka. Fomu hiyo huonyesha taka ni ya aina gani, ni kiasi gani, imetoka kwa nani, imebebwa na nani na imepokelewa wapi. Nakala moja ibaki kwenye faili ya gereji.

Fomu hiyo ndiyo ngao ya mwenye gereji. Mkaguzi akija baada ya miezi sita na kuuliza oili ya Machi ilikwenda wapi, jibu la "kuna kijana huja kuichukua" halina uzito wowote. Nakala ya fomu inaonyesha kwamba alifanya alichotakiwa kufanya. Oili hiyo ikipatikana imemwagwa mtoni, faili yake itaonyesha ni mkono gani uliokuwa umeishika.

Orodha ya wasafirishaji wenye leseni inaweza kuulizwa katika ofisi ya NEMA iliyo katika kaunti. Kuuliza mapema ni bora kuliko kungoja pipa lifurike.

Hatua ya nne: mwisho wa safari

Oili haichakai kama tairi inavyochakaa. Inachafuka. Kiwandani maji huondolewa, uchafu mzito hutenganishwa, kisha oili hupashwa joto na kusafishwa hadi ipatikane oili ya msingi inayoweza kutengenezewa vilainishi vipya. Oili ambayo haifai kwa hilo inaweza kuwa nishati katika tanuru zenye joto kali mno na mitambo ya kudhibiti moshi, kama tanuru za saruji, ambazo ndani yake joto la malighafi hufika karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi. Joto hilo ndilo linalovunja kemikali hatari. Jiko la kawaida, tanuru ya mkate au moto wa kuchoma taka hauwezi kulifikia.

MATUMIZI YA MAZOEA YANAYODHURU

Watu wengi hawaimwagi oili chafu. Wanaitumia, na kwa sababu inatumika wanadhani hawachafui mazingira. Yafaa kuyaangalia mazoea hayo moja baada ya jingine.

Kupaka nguzo za ua ili zisiliwe na mchwa. Oili huzuia mchwa kwa muda, lakini mvua huiosha na kuishusha kwenye udongo uleule unaopandwa sukuma na mahindi. Madini yaliyomo hayaozi.

Kumwaga barabarani ili kutuliza vumbi. Mvua ya kwanza huibeba yote hadi mtaroni. Vumbi hurudi wiki mbili baadaye, oili hairudi.

Kupaka mbao za kumwagia zege. Mafundi wa ujenzi huipenda kwa sababu ni rahisi, lakini wao ndio huishika kwa mikono mitupu kutwa nzima. Yako mafuta maalumu ya kazi hiyo.

Kupaka ng'ombe na mbuzi dhidi ya kupe au kwenye vidonda. Ngozi ya mnyama hufyonza, na mnyama hujilamba. Sumu hiyo huingia katika mwili unaotoa maziwa na nyama. Afisa wa mifugo wa wadi anaweza kueleza dawa inayofaa.

Kuiwasha katika tanuru ndogo, jiko la hoteli au kuchochea moto wa taka. Moshi wake hubeba madini na masizi hadi kwenye mapafu ya waliokaribu, na wa kwanza ni yule anayeukoka moto huo.

Kifungu cha 93 cha EMCA kinakataza kumwaga oili au mchanganyiko wenye oili majini au katika sehemu nyingine yoyote ya mazingira kinyume cha sheria. Udongo wa uani kwa mtu ni sehemu ya mazingira.

IKIMWAGIKA, FANYA HIVI

Ajali hutokea hata kwa aliye mwangalifu. Pipa linaweza kuanguka au lori likapinduka. Sheria haimwadhibu mtu kwa kuripoti, inamtaka aripoti. Kifungu hichohicho cha 93 kinamtaka mwenye biashara au gari ambalo oili imetoka atoe taarifa mara moja kwa NEMA au maafisa wengine husika wa serikali, aanze kusafisha mara moja kwa njia bora iliyopo, na afuate maagizo atakayopewa.

Kwa vitendo, mpangilio ni huu. Zuia chanzo kwanza: simamisha pipa au ziba tundu. Kisha ziba mtaro kwa udongo au magunia ya mchanga kabla oili haijaufikia. Watu wenye sigara na moto wakae mbali. Mwaga mchanga mkavu au unga wa mbao, acha ufyonze, kisha uzoe na kuuweka kwenye chombo chenye lebo, kwa kuwa mchanga huo sasa ni taka hatari pia. Usimwage maji wala sabuni, kwani hueneza oili badala ya kuiondoa. Piga ripoti, na waarifu majirani wanaotumia kisima kilicho karibu.

Anayekataa kusafisha anaweza kupata hasara kubwa zaidi. NEMA ina uwezo wa kushikilia biashara au gari husika, na mahakama inaweza kumwamuru aliyechafua alipe gharama za kusafisha pamoja na hasara za watu wengine. Msingi wa sheria hiyo ni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa.

Wakazi wa Thange katika Kaunti ya Makueni wanajua maana ya kuchelewa. Mwaka 2015 mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba la kusafirishia mafuta yaliingia Mto Thange na kuharibu maji waliyoyategemea kwa kunywa, kwa mashamba na kwa mifugo. Kesi za kudai fidia zilichukua miaka. Kiasi cha mafuta ya Thange hakilinganishwi na pipa la gereji, lakini njia ya mafuta ardhini ni moja: huingia upesi, na kuyatoa ni kazi ya miaka.

JE, GEREJI NDOGO ITAWEZAJE?

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi katika maeneo ya juakali, na lina msingi. Fundi mwenye nafasi ndogo chini ya mti hukusanya labda mitungi miwili kwa mwezi. Msafirishaji mwenye leseni na lori hataki kuja kwa lita 40. Mtu wa mkokoteni yuko hapo kila jioni na hulipa taslimu.

Kanuni hazikumsamehe fundi huyo, kwani jukumu ni la yeyote ambaye shughuli zake zinazalisha taka. Lakini hazimlazimishi kulibeba peke yake. Mafundi wa eneo moja wanaweza kuungana kupitia chama chao, wakakubaliana kuwa na mahali pamoja pa kuhifadhi penye paa, sakafu ya saruji na ukingo. Wawe na daftari linaloonyesha kila mmoja ameleta lita ngapi, na mtu mmoja anayeshika ufunguo. Pipa likijaa, msafirishaji ana sababu ya kuja.

Kabla ya kuanza, chama kizungumze na ofisi ya NEMA pamoja na idara ya mazingira ya kaunti, kwa sababu kuhifadhi taka ya watu wengi kunaweza kuhitaji idhini. Mwenye bodaboda anayejibadilishia oili nyumbani naye apeleke oili yake kwa gereji inayoihifadhi vizuri. Lita moja inatosha mtungi mdogo wenye kifuniko imara.

MKAZI ANA NAFASI GANI?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu anayeona haki hiyo inavunjwa kwenda mahakamani, wala halazimiki kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine ameshapata hasara au kuumia. Kesi za aina hiyo husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Si kila jambo linahitaji mahakama. Mkazi anayeona oili mtaroni anaweza kuzungumza na mwenye gereji kwanza, kwa kuwa huenda hajui sheria. Isipobadilika, aandike tarehe, saa na mahali, apige picha akiweza bila kujihatarisha, na apeleke taarifa kwa afisa wa afya ya umma wa wadi, idara ya mazingira ya kaunti au ofisi ya NEMA.

Mwenye gereji naye ana haki. Mkaguzi wa mazingira anaweza kuingia na kukagua bila hati ya mahakama katika saa zinazofaa, lakini anapaswa kujitambulisha. Kumwomba kitambulisho si utovu wa adabu. Malipo yoyote ya serikali hufuata njia rasmi na huwa na stakabadhi. Anayedai pesa mkononi ili "mambo yaishe" aripotiwe.

JIPIME

1. Mwenye gereji ana kibali cha biashara cha kaunti cha mwaka huu. Je, anaweza kubeba mapipa yake mwenyewe kwa pikapu hadi mji mwingine?
Jibu: Hapana. Kusafirisha taka hatari kunahitaji leseni ya NEMA, na kibali cha biashara hakishiki nafasi yake.

2. Jirani mwenye shamba ameomba oili chafu bure apake nguzo za ua. Si biashara, ni msaada. Kuna kosa?
Jibu: Lipo. Sheria haitofautishi oili iliyouzwa na iliyotolewa bure. Imekabidhiwa kwa asiye na leseni na itaishia udongoni.

3. Fundi amesafisha vyuma kwa petroli, na pipa la oili lina nafasi. Aimwage humo?
Jibu: Hapana. Petroli iwe na chombo chake. Akiichanganya anaongeza hatari ya moto na anaweza kuliharibu pipa zima.

4. Msafirishaji ana leseni halali lakini amesahau fomu. Anasema ataileta kesho. Achukue oili leo?
Jibu: Arudi kesho pamoja na fomu. Pipa lililofunikwa vizuri halitaharibika kwa usiku mmoja.

5. Oili imeanguka sakafuni na mteja anangoja. Ni haraka zaidi kuosha kwa maji. Afanye nini?
Jibu: Amwombe mteja asubiri. Mchanga, ufagio na chombo chenye lebo huchukua dakika chache.

Mwenye gereji anayetaka kuanza wiki hii anaweza kuanza na mambo matatu: pipa zima lenye kifuniko na lebo, trei moja pana, na faili moja ya kuweka fomu. Jioni mtu wa mkokoteni atakapouliza kama oili iko, jibu liwe kwamba iko, na ina mwenyewe mpaka atakapokuja aliye na leseni.